Kanzu ya Nyangwe: Kukisoma Tena Kitabu cha Livingstone

Kitabu cha safari za mwisho za Livingstone, kilichotengenezwa na kasisi Mwanglikana Horace Waller na kutolewa London mwaka 1874, kinajulikana kwetu Maniema kwa siku moja tu: tarehe 15 Julai 1871, watu wa Dugumbe walipopiga bunduki sokoni Nyangwe, na mamia ya watu, wengi wao wanawake, wakafa kwa risasi na katika maji ya Lualaba. Ni haki siku ile isisahauliwe. Lakini twaona kitabu hiki kimesomwa vibaya, na kosa laonekana hasa katika nguo.

Msomaji mwepesi hutoka na picha mbili: kanzu nyeupe ya Mwislamu mwuza watu, na suruali ya Mkristo mwokozi. Picha hiyo imeingia hata katika mahubiri. Tumekwisha kusikia mkatekumeni akiulizwa kwa nini angali anavaa kanzu, kana kwamba Shetani ni fundi wa cherehani!

Basi, tuitazame nguo yenyewe. Kitambaa cheupe cha biashara kiliitwa merikani, na jina latoa ushuhuda: kwanza kilifumwa Massachusetts na Wakristo, kwa pamba iliyolimwa na watumwa mpaka mwaka 1865, kikauzwa Unguja, kikachukuliwa na wapagazi kwenda bara kununua pembe na watu.

Wala Kanisa halikukosa kujua ugumu huu. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, uliamuru Wayahudi na Waislamu wa nchi za Wakristo watambulikane kwa mavazi, kwani mahali pengine hawakutambulikana hata kidogo. Watawala wa Kiislamu nao waliwaagiza Wakristo na Wayahudi wafunge mkanda wao, zunari. Kama nguo ingetosha kuonyesha imani, sheria ya nini? Kisha Lavigerie, alipoanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika huko Algiers mwaka 1868, aliwavika gandura na burnusi, mavazi ya Waislamu wa nchi ile, na rozari shingoni. Kwa kanzu nyeupe namna ile waliileta Injili Kasongo.

Livingstone tunamshukuru kwa jambo ambalo wasomaji hulipita mbio: soko lenyewe. Ameandika habari za wanawake wanaobishana bei na kucheka, vyungu, samaki, chumvi, mihogo, na nguo zilizofumwa na wenyeji kwa nyuzi za majani. Maandishi yake ya kwanza, aliyoyaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa matunda, yalisomeka tena mwaka 2011 kwa ufundi wa picha, nayo hayapatani pote na kitabu cha Waller, hasa juu ya mwenendo wa watu wa Livingstone mwenyewe. Mwalimu wa seminari ayaweke yote mawili mezani, na aanzie hapo sokoni, kabla bunduki hazijalia.