Sifa za Kuanguka

Kila anayeonekana na begi la judo begani huulizwa swali lile lile, iwe kwenye daladala, harusini au hata msibani: "Haya, akikutokea mtu na panga utamfanyaje?" Jibu langu ni kwamba nitakimbia. Muulizaji hucheka, akidhani namtania, kisha hunisimulia habari za jamaa yake wa Tandika, mwenye mkanda mweusi wa karate, aliyeporwa simu mchana kweupe. Sibishani naye. Simu za Dar es Salaam huondoka na pikipiki, na sijauona bado mkanda unaomwezesha mtu kuifukuza pikipiki.

Tofauti ya dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, na mtaa inaanzia mbali. Juu ya mikeka kila kitu kimekubaliwa kabla hakijatokea. Mnainamiana. Mwamuzi akisema hajime mnaanza, akisema mate mnaachana. Mashindanoni mwanamume wa kilo 60 hapangwi na wa kilo 90, pambano ni la dakika 4, na aliyezidiwa hugonga kwa kiganja mara mbili, mwenzake akamwachia papo hapo. Mbinu nyingi zinaanza kwa kukamata ukosi na mkono wa judogi, vazi la pamba nzito lililoshonwa makusudi livutwe bila kuchanika. Sasa nenda Kariakoo mwezi wa Februari, mtu yuko na fulana iliyolowa jasho, umkamate ukosi. Utabaki na kipande cha kitambaa mkononi na mwenyewe keshafika Msimbazi.

Au chukua roba. Watu wa mjini wanaijua: mmoja anakuja kwa nyuma na kukutia mkono shingoni, wa pili anapekua mifuko, wa tatu yuko kwenye kona anaangalia njia. Dojoni kabali hiyo ipo, inaitwa hadaka-jime, na tunaifanyia mazoezi. Mkono ni ule ule na shingo ni ile ile. Lakini dojoni naipokea nikiwa nimepasha mwili, namjua anayenikaba, najua na watoto wake wanasoma wapi, na najua nikigonga ataniachia. Anayepigwa roba saa 5 usiku akitoka kazini hajapasha chochote. Ana mfuko wa mkate mkononi na kodi ya nyumba kichwani. Moyo unamwenda mbio, vidole vinakuwa vizito, macho yanaona mbele tu na kusahau pembeni. Akigonga mkono wa mwizi, mwizi atajua tu kwamba kazi inakwenda vizuri. Na vijana wa Panya Road, walioitia hofu Dar es Salaam nzima, hawakuja mmoja mmoja wakainama kwa heshima. Walikuja kundi, na mapanga.

Kwa hiyo mwalimu anayemwahidi kijana kwamba baada ya miezi mitatu hatamwogopa mtu, anamuuzia hatari. Najua wapo, na mabango yao yana picha nzuri.

Mwasisi wa judo naye alianza na haja hiyo hiyo ya kutopigwa. Jigoro Kano alizaliwa mwaka 1860, karibu na Kobe, Japani. Alikuwa mdogo wa umbo, wenzake shuleni wakamwonea, naye akawatafuta walimu wa jujutsu, mapambano ya kale ya Kijapani. Mmoja wao, Hachinosuke Fukuda wa Tokyo, aliombwa na Kano amweleze mbinu fulani: mguu unakwenda wapi, mkono unavuta lini. Fukuda akamwangusha. Kano akainuka, akauliza tena, akaangushwa tena. Maelezo yakawa ndiyo hayo. Mwaka 1882 Kano, msomi wa miaka 21, alifungua shule yake, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji, katika nafasi ya mikeka 12. Wanafunzi walikuwa hawajafika kumi, lakini inasimuliwa kwamba waliangushana hadi mbao za sakafu zikaachia, na mwalimu mwenyewe akawa anaingia chini ya jengo usiku kuzitengeneza.

Jujutsu aliyoirithi ilikuwa na mengi ya kuua na kulemaza: vidole kuvunjwa, makonde ya koo, macho. Sasa, mbinu ya kumtoboa mtu jicho ina kasoro moja ya ufundishaji: huwezi kuifanya kwa ukamilifu kwa mwenzako zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo katika shule za jujutsu mbinu kama hizo zilifanywa kwa mpangilio, polepole, mmoja akijifanya ameumia. Kano aliziweka kando ya mazoezi huru. Akabakiza kuangusha, kubana chini, kabali, na baadaye katika viungo ukaruhusiwa mkunjo wa kiwiko peke yake. Baada ya hapo wanafunzi waliweza kupambana kwa nguvu zao zote, na mtu asiyetaka kuangushwa, siku baada ya siku, na kesho yake wote wakarudi wakiwa na macho mawili. Waliodhani amewatengenezea vijana mchezo laini walikosea. Kitu unachokifanya kwa nguvu kwa mtu anayekataa, mwili unakijua. Ulichoigiza, unakikumbuka tu.

Hili ndilo ninaloipendea judo, na ndiyo maana swali la panga halinikeri. Ni ufundi uliochagua kujua machache kwa kweli.

Kodokan yenyewe haikuusahau mtaa. Mwaka 1956 ilitoa kata, yaani mfuatano wa mbinu uliopangwa, ya kujilinda, Kodokan Goshin Jutsu, yenye mbinu 21: 12 dhidi ya adui asiye na silaha na 9 dhidi ya kisu, fimbo na bastola. Ni kata ya kupendeza, ikichezwa na wanaoijua unasahau kufumba macho. Ila mwenye bastola ndani yake ana adabu sana. Husogea karibu kabisa, hukuamuru unyanyue mikono, halafu hukungoja umalize.

Wanaofundisha kujilinda hasa, wasio na habari na medali, hufundisha mambo mengine. Huko Korogocho, Nairobi, kuna kikundi cha mabibi kiitwacho Shosho Jikinge, wanawake wazee wanaokutana kujifunza namna ya kumzuia mbakaji. Wanafundishwa kupaza sauti, "Hapana!", kupiga pale panapouma upesi, na kuondoka. Sauti inatangulia kwa sababu jirani anaisikia. Hakuna atakayeuliza kama mguu ulikaa sawa. Siwezi kumwambia shosho wa Korogocho aanze na mbinu ya kuangusha kama uchi-mata. Pambano lake halina dakika 4 na mpinzani wake hakupimwa uzito.

Lakini kuna kitu kimoja dojoni ambacho mtaa hauwezi kukibeza, nacho hakimhusu adui kabisa. Mgeni wa judo hafundishwi kwanza kumwangusha mtu. Hufundishwa kuanguka.

Mtazame siku ya kwanza. Anaambiwa achuchumae, mikono aitangulize mbele, kidevu akibane kifuani, macho yatazame fundo la mkanda wake. Kisha ajiachie kinyumenyume, makalio, kiuno, mgongo, ukiwa umejikunja mviringo. Kabla mabega hayajafika chini, mikono yote miwili ipige mkeka kwa pamoja, viganja chini, si mbali sana na mwili, huku akitoa pumzi. Kichwa hakigusi kitu. Ni hivyo tu, na atalirudia zoezi hilo hadi alichukie. Kidevu ndicho kinachookoa kisogo. Wanaoijua roba watakwambia kidevu hicho hicho kilichobanwa humpa mtu nukta chache za kuukamata mkono wa mkabaji kabla haujazama shingoni, lakini hiyo ni nyongeza.

Kazi kubwa ya lile pigo la mikono ni kuuzuia mkono usifanye ujinga wake. Binadamu akianguka kinyumenyume, mkono huenda nyuma wenyewe kuidaka ardhi, umenyooka, na uzito wote wa mwili unatua kwenye kifundo. Ndipo kinapovunjika hapo, au kiwiko kinateguka, au mfupa wa mtulinga unakatika. Daktari wa mifupa akitazama tu picha anajua mgonjwa alitua vipi. Judo inaupa mkono kazi nyingine wakati huo huo, na nguvu ya anguko inagawanyika kwenye eneo kubwa la mwili badala ya kukusanyika pahali pamoja. Kuanguka mbele kuna ustadi wake pia: ubavu wa kiganja, mkono, bega, kisha unaviringika mshazari kupita mgongoni hadi nyonga ya upande wa pili, na ukifanya vizuri unajikuta umesimama.

Watoto hulipata jambo hili upesi. Mtu mzima huwa na shida, na si ya mifupa. Huogopa aibu kabla ya maumivu. Nimemwona ofisa wa benki akizunguka kwenye kona ya mikeka akifunga na kufungua mkanda wake, alimradi zamu isimfikie. Kuanguka mbele za watu ni jambo tulilofunzwa tangu utotoni kuliepuka.

Na ardhi, ukiifikiria, hutushambulia mara nyingi kuliko mwizi. Bafu lenye sabuni. Ngazi za ghorofa ambalo taa zake ziliungua zamani. Daladala inayoondoka kabla mguu wako wa pili haujapanda. Bodaboda kwenye kona yenye mchanga. Hakuna kati ya hivyo kinachotaka simu yako. Hata hapa mtaa una masharti yake: sakafu ya saruji haipigwi kiganja kama mkeka, labda unataka kuumia mkono badala ya kisogo, kwa hiyo mwenye akili huviringika zaidi na kupiga kidogo. Huko Sweden na Uholanzi wazee wanafundishwa kuanguka kwa mbinu zilizotoka kwenye judo, bila kumwangusha mtu yeyote, wala kuwaza mkanda.

Kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye mabango. Mtu aliyetupwa chini jioni ya Jumanne na binti wa kidato cha tatu mwenye kilo 48, kisha akamshukuru kwa kuinama, akisukumwa na mlevi siku ya Ijumaa haoni kama heshima yake imeguswa. Anasogea, mlevi anapita. Ugomvi mwingi wa vilabuni na wa foleni za maji ungeishia hapo.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja dojoni kwetu kijana wa bodaboda. Alisema wazi kwamba anataka kuanguka tu, mengine hana haja nayo. Alikuwa akija na kofia yake ngumu, na siku nyingine akaviringika nayo kichwani, watu wakicheka, kwa sababu alitaka kujua ikiwa itamzuia kubana kidevu. Ilimzuia kidogo, akabadili namna ya kuinamisha bega. Alipoona mwili umeshika, aliaga kabla ya mtihani wa mkanda wa kwanza, hajawahi kumwangusha mtu hata siku moja. Kocha alimwandika kwenye orodha ya walioacha, nami nilimwambia amfute humo.

Mwezi uliopita alirudi, safari hii kwa ajili ya mama yake. Uwani kwao kunateleza, na bi mkubwa ameshadondoka karibu na kisima. Kijana anaomba mama afundishwe kuanguka kinyumenyume peke yake, asubuhi, kabla vijana hawajafika, na afanye akiwa na kanga zake. Kocha amekubali. Kinachomsumbua ni ada: hajui amtoze ya mtu mzima au ya mtoto.