Sinema kwa Hisani ya Mgeni

Mjukuu wangu alinionyesha Country Queen, tamthilia ya Kenya ya vipindi sita iliyotolewa na Netflix mwaka 2022. Nilifurahi, ndugu msomaji, kusikia Kiswahili na Kikamba vikizungumzwa bila kuona haya, tena katika kisa cha kijiji kinachotishiwa na kampuni ya madini. Lakini wanakijiji wa namna ile wataitazama wapi, bila malipo ya kila mwezi? Zamani gari la sinema lilikuja uwanjani, tukatazama sote bure (ingawa mara nyingi tulifundishwa kuchimba vyoo!). Isitoshe, mwenye kugharamia yuko mbali. Mwezi Januari 2024, Amazon ilisimamisha kuagiza kazi mpya kutoka Afrika. Waandishi wetu hawakuulizwa.