Kilindini Kutoka Upande wa Kaunta

Kuna hadithi ambayo wazee wetu huisimulia vizuri kupita kiasi: baa za mabaharia Mombasa. Huku Turbo mimi huisikia kwa madereva wa zamani wa trela, waliokuwa wakishuka pwani kuchukua mzigo. Kilindini Road, kabla haijaitwa Moi Avenue. Meli imetia nanga, Mgiriki na Mfilipino wanarushiana chupa, bendi haiachi kupiga, alfajiri wote wanakumbatiana. Na mimi hucheka, maana hadithi yenyewe imeiva: ina mwendo, ina vituko, haihubiri.

Lakini hebu isikilize vile ungesoma kitabu. Msimulizi siku zote amekalia kiti cha mteja. Wanawake wanapita nyuma yake na trei za bia, hawana majina, na meli ikishang'oa nanga hadithi imeisha. Wao hawakuenda popote. Kodi ya nyumba iliwangoja palepale.

Jina moja tunalo kwa sababu lilifika kortini. Mwaka wa 1980 Monica Njeri aliuawa Mombasa na baharia wa jeshi la Marekani, Frank Sundstrom. Alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kisha akaachiliwa kwa bondi ya shilingi 500 na sharti la kuwa na mwenendo mwema kwa miaka miwili. Wakenya walikasirika. Ila kwa vituko vyote nilivyosimuliwa, usiku huo haumo. Ukiuingiza, kicheko kinakatika, na nadhani ndiyo maana unaachwa nje.

Wazee wanasema kontena ndizo zilizoua baa. Kuna ukweli hapo: makuli walipobeba magunia mgongoni, meli ilikaa bandarini siku nyingi, sasa kreni inapakua haraka na baharia hana muda wa kulewa. Kontena zizo hizo zinapita hapa Turbo zikielekea Malaba. Trela zikiegeshwa usiku, kuna msichana anafungua soda na bia, na vituko vya madereva vimeshaanza kusimuliwa kwa mtindo uleule.

Sisemi hadithi za Kilindini zifutwe. Nasema ni nusu hadithi. Anayetaka kuandika ile nusu nyingine asianzie usiku. Aanzie asubuhi, meli ishaenda, na mtu anafagia chupa zilizovunjika akihesabu alicholipwa.