Fundi Anayesoma Rangi

Fundi haanzi na nyundo. Jeep CJ-5 imesukumwa hadi chini ya mparachichi, hapa Ruanda wilayani Mbozi, boneti imeinuliwa, naye ameinamia kibati kidogo kilichogongewa riveti kwenye ukuta wa injini. Mkononi ana tambara lililoloweshwa mafuta ya taa. Brashi ya waya ipo karibu lakini haigusi, kwa sababu ingekula herufi. Anapaka, anaacha mafuta yalegeze uchafu, anafuta, anapaka tena. Herufi zinajitokeza moja moja: Kaiser Jeep Corporation.

"Hili si la miaka ya hamsini, kijana wangu," anamwambia mwenye gari. "Ni la kuanzia sitini na tatu."

Yuko sahihi. Kaiser waliinunua Willys mwaka 1953, lakini jina la Kaiser Jeep lilianza kutumika 1963. Mwaka 1970 kampuni ikauzwa kwa American Motors. CJ-5 yenyewe ilitengenezwa tangu 1954 hadi 1983, kwa hiyo kibati kile kimoja kimepunguza miaka karibu thelathini ikabaki saba hivi.

Anahamia kwenye injini. Namba yake imegongwa mbele ya bloku, karibu na pampu ya maji. Anaisugua kwa chaki, kisha anapitisha kidole juu juu. Chaki inabaki ndani ya mikato na tarakimu zinasomeka nyeupe. Anazilinganisha na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu, akirudia mara mbili. Namba ya chasisi inaoana na kadi, ya injini haioani. Injini hii ilitoka kwenye gari jingine, na fundi anaandika namba zote mbili kwenye daftari lake kabla ya kunyanyua spana yoyote.

Kisha rangi, na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi. Anachagua sehemu ya bodi nyuma ya kiti, ambako jua halikufika. Anakunja msasa wa maji juu ya kipande cha kandambili, anauchovya ndooni, anasugua kwa duara dogo, bila kukandamiza. Anamwagia maji, anaangalia, anaendelea. Duara linapanuka taratibu na pete zinaonekana: nyeupe, kijivu, njano, na katikati kijani. Kwa ukucha anahisi kila mpaka. Nyeupe ilipulizwa kwa mashine. Njano ilipakwa kwa brashi, mistari ya nywele zake bado ipo. Chini ya kijani kuna rangi ya msingi iliyoshika chuma sawasawa, kwa hiyo anaamini hiyo ndiyo ya kiwandani.

Kadi ina jina moja tu, la babu wa kijana. Rangi ni nne. Kijana anauliza wengine ni akina nani.

"Rangi inakwambia mara ngapi," fundi anajibu. "Haikwambii nani."

Kuna magari ambayo swali hilo lina jibu. Mustang ya kwanza kabisa ya Ford ilinunuliwa mwaka 1964 na rubani Stanley Tucker huko St. John's, Kanada. Ford waliirudisha mikononi mwao 1966 kwa kumpa Mustang mpya, na leo iko kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford, Dearborn. Kila mkono ulioishika unajulikana. Jeep hii iliyobeba kahawa shambani haikuwekewa kumbukumbu ya namna hiyo. Kilichobaki ni chuma, na mtu mwenye subira ya kukisoma.

Siku ya kupuliza rangi mpya, fundi alilibandikia gazeti lile duara nyuma ya kiti ili lisifunikwe. Fundi atakayekuja baadaye atalihitaji, alisema.

Wenye magari ya zamani Mbozi, Vwawa na Tunduma, tunzeni kadi za mwanzo na mikataba ya mauziano hata kama zimechakaa, na mkiuza, mpeni mnunuzi nakala yenye majina ya wote waliotangulia.