Nyota Zisizotazamwa

Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, yupo nahodha mmoja mtu mzima aliyekwisha kuiacha bahari. Akitaka kujua usiku umefika wapi hunyosha mkono mpaka kiwiko kikaze, akalaza vidole vinne juu ya mstari wa bahari, akafumba jicho moja. Kisha hutulia. Wajukuu zake wana simu yenye programu ya nyota. Huielekeza juu, jina likatokea, wakaishusha. Nyota yenyewe hawakuitazama.

Programu hizi ninazipenda, na Stellarium ninayo mwenyewe. Ramani za karatasi tulizokuwa tukizipata zilichorwa kwa anga la Ulaya: Orioni kasimama wima, ilhali kwetu, jioni za Desemba, huchomoza mashariki akiwa amelala ubavu. Simu inajua ulipo na ni saa ngapi, hivyo inakupa anga lako. Geuza kioo kiwe chekundu, maana macho yanahitaji karibu nusu saa kulizoea giza na mwanga mweupe huyaharibia kazi hiyo mara moja. Kisha chukua darubini ya mkononi, usiku wa Mei, uanzie Msalaba wa Kusini, uende polepole upande wa kaskazini-mashariki mpaka ufike Omega Centauri. Utaona kiwingu tu, hafifu, nacho ni mamilioni ya nyota. Raha ya kukipata kwa jicho lako haifanani na ya kuonyeshwa picha yake.

Manahodha wetu walikuwa na raha hiyo, tena iliwapa riziki. Jahazi likitoka usiku, nahodha alichagua nyota inayochomoza kule anakoelekea, akaiweka kando ya mlingoti, mshika sukani akaifuata. Nyota haikai. Ikishapanda juu na kuhama upande, haifai tena. Huiacha, akashika nyingine inayozuka pale pale ilipozuka ya kwanza, na baada yake nyingine, mpaka alfajiri. Ilibidi awe na mfuatano huo wote kichwani, na akumbuke kwamba kila usiku nyota hutangulia kwa dakika nne hivi, kwa hiyo safu ya mwanzo wa kusi siyo ya mwisho wake. Hakuna aliyemwandikia. Alifundishwa akiwa mtoto, amelala chali juu ya tanga lililokunjwa, akiulizwa na kuulizwa tena.

Wakulima nao walikuwa na Kilimia, kile kishada cha nyota. Kinazama magharibi baada ya jua kutua, masika yakiwa yamepamba moto. Kikionekana tena mashariki kabla ya jua kuchomoza, Juni, mvua imekwisha. Bibi zetu hawakuhitaji kuarifiwa na mtu.

Elimu ya manahodha ilivuka bahari pamoja na biashara. Baharia Ahmad ibn Majid wa Julfar, katika karne ya 15, aliiandika kwa nathari na kwa mashairi. Wenzake walipima kimo cha nyota kwa vidole, au kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo unaong'atwa menoni. Walikuwa wakiipima Jah, nyota ya kaskazini, nayo kila wakishuka kusini ikizidi kuinama, hata ikapotea baharini. Hapo waligeukia Farqadani, zile nyota mbili zilizo jirani yake. Simu huziita Kochab na Pherkad.

Nungwi nyota hizo mbili hupita chini mno, Kochab haifiki zaidi ya digrii 10 hivi juu ya maji, na jioni za Juni ndipo zinapokuwa kwenye kimo chake cha juu. Lakini pwani yote sasa ina taa za mahoteli, nyingine zinamulika baharini moja kwa moja, hakuna aliyefikiria kuzifunika kwa juu. Mwangaza umekula anga la chini. Wageni husimama mchangani wakainua simu kaskazini, na simu inawachorea Farqadani zote mbili, nyeupe, safi, na majina yake. Wanaridhika. Kwamba nje ya kioo hazionekani tena, hilo sijamsikia mtu akilalamikia.