Mkomamanga na Maji ya Karai

Lodwar hupata mvua ya yapata milimita 200 kwa mwaka, nayo haina adabu: hunyesha siku mbili tatu, laga, yaani mito ya msimu, zikafurika, kisha mbingu zikafunga kwa miezi. Mwenye shamba kando ya mto Turkwel ana mfereji wake. Mkazi mwenye ua wa changarawe, au mkimbizi wa kambi ya Kakuma anayepanga mitungi kwenye foleni ya bomba, ana karai la maji yaliyokwisha kuosha vyombo. Nawasifu wale wanaoupima mti kwa karai hilo kabla hawajachimba shimo.

Mwembe wa kokwa hunywa kama ngamia aliyetoka safari. Mti mfupi, wa kutosheka na karai, hutengenezwa. Huko East Malling, Kent, tangu miaka ya 1910, wataalamu walichambua mashina ya kupandikizia mitufaha, wakayapa namba. Shina la M9 huufupisha mti hata mchumaji asihitaji ngazi. Mtufaha wenyewe hauiwezi Lodwar, kwa kuwa hutaka baridi ndipo uchanue. Kwetu kazi hiyo hufanywa na ndoo kuukuu, kisu na moyo mgumu.

Ndoo hutobolewa chini, matundu kadhaa, ikajazwa udongo, mchanga wa laga na samadi ya mbuzi iliyooza. Jua la alasiri likiipiga plastiki, mizizi huiva huku majani yakionekana mazima. Basi fundi huivika ndoo gunia kuukuu. Kila baada ya misimu kadhaa huung'oa mti, akakata mizizi iliyojizungusha ukingoni, na matawi akayapogoa kwa kadiri hiyohiyo.

Chumvi ndiyo inayowashinda wengi. Maji ya visima vingi vya Turkana yanayo, na sabuni huiongeza. Ukoko mweupe hutokea juu ya udongo, ncha za majani ya mndimu zikakauka, na asiyejua huzidi kumwaga maji yaleyale. Dawa yake ni maji safi mengi kwa mkupuo mmoja, yatiririke hadi chini na kuondoka nayo. Nani Kakuma atamwaga maji safi ardhini? Mjanja huzisubiri zile siku mbili tatu za mvua, akatoa ndoo zote uani zioshwe bure.

Kwa hiyo ndimu, ingawa kila mlaji wa samaki anaitaka, siipi nafasi ya kwanza. Naipa komamanga. Mkomamanga huvumilia jua na chumvi, huota kwa kijiti tu, na huzaa ungali kichaka.

Wageni wenye kalamu wakiuona mti ndani ya ndoo kambini, mara huanza kuandika habari za mkimbizi aliyeng'olewa mizizi. Kambi ipo tangu 1992, na waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Mwenye ndoo anataka tunda.

Na tunda hulipata akimshinda mbuzi, anayesimama kwa miguu miwili kufikia jani la juu kabisa. Hapo mti wa mathenge, ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kuvamia kingo za mito, walau hulipa sehemu ya deni lake: matawi yake ya miiba yakizungushwa vizuri kwenye ndoo, mbuzi huenda kujaribu kwa jirani.