Kanisa Kuu la Mji Usiokuwepo

Mwaka 1973 kampuni ya uchapishaji ya Houghton Mifflin ya Boston ilitoa kitabu cha watoto ambacho michoro yake yote ilikuwa ya kalamu na wino mweusi. Kinaitwa Cathedral. Kinaeleza jinsi kanisa kuu lilivyojengwa katika mji wa Chutreaux, Ufaransa, kuanzia 1252, baada ya radi kuliharibu kanisa la zamani, hadi 1338. Miaka 86 ya kazi imeenea katika kurasa zipatazo 80. Na mji wa Chutreaux haukuwahi kuwepo.

Mwandishi na mchoraji wake, David Macaulay, alizaliwa Burton upon Trent, Uingereza, mwaka 1946. Alihamia Marekani na familia yake akiwa na miaka 11, kisha akasomea usanifu wa majengo katika chuo cha Rhode Island School of Design. Baada ya Cathedral, vitabu vilifuatana kwa kasi: City kuhusu mji wa Kirumi mwaka 1974, Pyramid mwaka 1975, Underground kuhusu yaliyo chini ya barabara za jiji mwaka 1976, Castle mwaka 1977. Vikaja Mill mwaka 1983, Ship mwaka 1993 na Mosque mwaka 2003, na katikati yake vipo vingine vingi. Kutoa kitabu kila mwaka, tena chenye michoro mizito kiasi hicho, kunawezekana tu kwa mtu aliyekwisha kupata mbinu yake. Macaulay aliipata mapema, ndani ya kitabu cha kwanza, na ndiyo ninayotaka kuifungua hapa kipande kwa kipande, kwa sababu naamini hakuna aliyewaeleza watoto kazi za mikono za watu wa kale vizuri kuliko yeye.

Wazo la kwanza halikuwa la historia. Alimpelekea mhariri Walter Lorraine hadithi ya kubuni kuhusu sanamu za mazimwi, zile zinazochongwa juu ya kuta za makanisa ya Ulaya na kutema maji ya mvua. Lorraine hakuvutiwa sana na mazimwi. Alivutiwa na jengo lililochorwa nyuma yao, akamshauri aandike juu ya jengo lenyewe. Macaulay akaenda Ufaransa kuchora. Ushauri huo wa mhariri ndio uliogeuza kila kitu: mandhari ikawa mhusika mkuu.

Uamuzi mkubwa uliofuata ulikuwa kubuni mji. Hapa ndipo wengi hushtuka. Kitabu cha historia cha watoto kinawezaje kuanza na mahali pa uongo? Jibu limo katika makanisa yenyewe. Notre-Dame ya Paris ilianza kujengwa mwaka 1163 na ikaendelea kubadilishwa kwa vizazi. Kanisa la Chartres liliungua mwaka 1194, likajengwa upya juu ya mabaki yaliyonusurika. Huko Beauvais waliinua dari la mawe kupita kiasi, na sehemu yake ikaporomoka mwaka 1284. Mwandishi anayechagua mojawapo analazimika kusimama kila ukurasa aeleze jambo la pekee: mnara huu haufanani na ule kwa sababu hii, ukuta huu ni wa zamani kuliko mwingine kwa sababu ile. Mtoto anabaki na rundo la mambo ya pekee, na lile la kawaida, yaani namna mawe yalivyopandishwa na kushikana, linampita.

Kwa kubuni Chutreaux, Macaulay alipata jengo moja linalopanda kwa utaratibu kutoka shimo la msingi hadi ncha ya mnara. Mji ni wa kubuni, lakini vifaa, vipimo na njia za kazi ni za kweli. Tena hakumficha msomaji. Katika dibaji fupi anasema wazi kwamba mji na watu wake ni wa kufikirika, kwamba njia za ujenzi zinafuata zile zilizotumika kweli, na kwamba ujenzi usio na vikwazo vingi kama huu ni hali bora kuliko ilivyokuwa kawaida, kwa kuwa majengo mengi ya aina hii yalicheleweshwa hata kwa miaka 200. Maneno hayo machache yanabeba kitabu kizima. Mtoto anaambiwa tangu mwanzo lipi limebuniwa na lipi la kuaminiwa, na mwandishi anakuwa huru kusimulia bila kujitetea kila hatua.

Baada ya hapo unakuja mpangilio, na mpangilio wa Macaulay ni mpangilio wa kazi. Vitabu vingi vya historia vya umri huu hupanga mambo kwa wafalme au kwa tarehe za vita. Yeye anaanza na mafundi: mkuu wa machimbo ya mawe, mkata mawe, mchonga sanamu, mchanganya chokaa, mwashi, seremala, mhunzi, mwezeka paa, fundi wa vioo. Anachora zana zao. Kisha anatupeleka msituni kwenye miti na machimboni kwenye mawe, na hapo ndipo shimo la msingi linachimbwa. Huwezi kuuona ukuta kabla ya kuona jiwe lilikotoka.

Tazama anavyoshughulikia majira ya baridi. Mwezi wa Novemba waashi wanafunika sehemu ya juu ya kuta kwa majani makavu na samadi ili barafu isipasue chokaa ambayo haijakauka. Ni sentensi moja na mchoro mmoja. Lakini ndani yake mtoto amepata kisa na sababu yake: chokaa hukauka polepole, basi ukuta hauwezi kuharakishwa, ukuta usipoharakishwa, miaka inaongezeka, miaka ikiongezeka, fedha zinakwisha. Kurasa kadhaa mbele fedha zinakwisha kweli, kazi inasimama, na masalia ya mtakatifu yanaonyeshwa kwa watu ili wachange. Hakuna mahali anapoandika kwamba maisha ya zama hizo yalikuwa magumu. Chokaa ndiyo inayosema.

Lugha yake inafuata njia hiyohiyo. Sentensi ni fupi, vitenzi ni vya kazi: wanachimba, wanakata, wanainua, wanafunga. Vivumishi ni vichache. Neno la kifundi likija, linakuja pale ambapo kitu chenyewe kimechorwa, kwa hiyo jicho linakuwa limeelewa kabla maelezo hayajaisha. Mfano mzuri ni matao. Tao la mawe haliwezi kusimama kabla jiwe la mwisho la juu halijakaa mahali pake, hivyo maseremala wanatengeneza kwanza umbo la mbao la kulishikilia, waashi wanapanga mawe juu yake, na chokaa ikikauka mbao zinaondolewa na kupelekwa kwenye tao linalofuata. Ukieleza kwa maneno matupu, mtoto wa miaka 10 anachoka. Macaulay anachora umbo la mbao likiwa tupu, kisha likiwa na mawe. Akili ya mtoto inamalizia yaliyobaki.

Sasa tazama jicho la mchoraji lilipo. Kwa maoni yangu hili ndilo linalomtofautisha na waigaji wake wote. Msanifu majengo hufunzwa kuchora ramani, mkato na mwonekano wa mbele, na Macaulay anazitumia zote tatu, lakini hakai hapo. Anaingia shimoni na kutazama juu. Anapanda kwenye mirunda pamoja na waashi na kutazama chini, ambako nyumba za mji zimekuwa ndogo. Anasimama ndani ya dari, mahali ambapo hakuna muumini atakayefika baada ya jengo kukamilika, na kuonyesha gurudumu kubwa la mbao ambalo watu hutembea ndani yake ili kuinua mizigo. Binadamu karibu wote ni wadogo, na udogo wao ndio kipimo. Mtoto hahitaji kuambiwa urefu wa nguzo. Anamlinganisha mwashi na nguzo.

Castle iliongeza jambo ambalo Cathedral haikuwa nalo. Hadithi yake iko Wales mwaka 1283, wakati wa Mfalme Edward I wa Uingereza, mwaka uleule ambao ngome za kweli za Conwy, Harlech na Caernarfon zilianza kujengwa. Ngome ya Macaulay inaitwa Aberwyvern, na kama Chutreaux, ni ya kubuni. Katika sehemu kubwa ya kitabu tunaona kuta, minara na malango yakipanda, na kila umbo linaelezwa kwa adui anayeweza kuja. Kisha adui anakuja kweli. Ngome inazingirwa, na kila kilichojengwa kinajaribiwa. Msomaji anapitia jengo lilelile mara ya pili, safari hii akijua kwa nini kila lango liko pale lilipo. Ni ustadi mkubwa wa kufundisha: kurudia somo bila mwanafunzi kuhisi kwamba amerudishwa nyuma.

Mosque ilizaliwa na mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Macaulay alielewa kwamba watoto wa Marekani walikuwa wakisikia habari za Uislamu kutoka upande mmoja tu, akajibu kwa njia aliyoizoea, kwa kuonyesha kazi. Tuko Istanbul mwishoni mwa karne ya 16, katika dola ya Uthmaniya. Jemadari wa majeshi ya bahari aliyezeeka anatoa mali yake kuwa wakfu, na msanifu aliyefunzwa na Sinan, yule mjenzi mkuu wa kweli aliyejenga msikiti wa Süleymaniye kati ya 1550 na 1557, anapewa kazi. Swali la kiufundi ni moja: kuba la mviringo litakaaje juu ya chumba cha mraba? Kurasa nyingi zinalijibu, kuanzia nguzo na matao makubwa hadi zile pembe zilizopinda zinazoupeleka mraba kwenye duara. Lakini kuna jambo la pili linalopita chini yake. Pamoja na msikiti kunajengwa madrasa, jiko la kulisha maskini, hamamu, mahali pa maji na kaburi la mtoa wakfu. Hakuna hotuba ya kuutetea Uislamu. Msomaji anaona mtaa mzima ukipata maji, chakula na elimu kutokana na wakfu mmoja.

Mosque ina rangi, na mwaka 2010 Macaulay aliichora Castle na Cathedral upya kwa rangi, akaviunganisha vyote vitatu katika Built to Last. Rangi imesaidia kutenganisha mbao na mawe. Hata hivyo naona toleo la 1973 lina nguvu zaidi. Mistari ya wino inayokatana ndiyo iliyolipa jiwe uzito wake, na kivuli kilichojengwa mstari kwa mstari kinaonyesha kazi ya mkono, jambo ambalo kitabu kizima kinalizungumzia.

Mbinu hii ina gharama, na si ndogo. Ukifuata kazi tu, wafanyakazi wanakuwa mikono bila sauti. Katika City, mji wa Verbonia unapangwa kwa amri ya Kaisari Augusto mwaka 26 kabla ya Kristo, na jasho la watumwa limo ndani yake, lakini mtiririko tulivu wa ujenzi unaufanya utumwa uonekane kama kifaa kimoja miongoni mwa vingine. Mtoto anaondoka akijua mfereji wa maji ulivyojengwa, ila hajui iliuma kiasi gani kuujenga. Utaratibu mzuri wa michoro una tabia ya kusamehe mengi.

Macaulay mwenyewe hakuacha kuikagua kazi yake. Mwaka 1999 alitoa Building the Book Cathedral, akaweka michoro ya awali mezani na kuonyesha mahali ambapo sasa angefanya tofauti. Lakini ukaguzi wenye nguvu zaidi ulikuwa umeshatoka katika Ship. Kitabu hicho kimegawanyika. Katika nusu ya kwanza wazamiaji na wanaakiolojia wanachunguza mabaki ya meli ya Wahispania katika bahari ya Karibi: mbao chache na vyuma vilivyoliwa na chumvi. Nusu ya pili ni shajara ya kubuni ya mwanzoni mwa karne ya 16, ya mtu anayesimamia ujenzi wa meli kama hiyo. Katika Cathedral mpaka kati ya ushahidi na ubunifu uliwekwa kwenye dibaji, ambayo watoto wengi huiruka. Katika Ship umewekwa katikati ya kitabu, na mtoto lazima auvuke: upande huu vipande vilivyookotwa mchangani, upande ule meli nzima yenye tanga, na kati yake kazi ya kukisia ambayo sasa anaweza kuiona na kuihoji.